Vipimo Kumi na Kimoja vya kwa Sirili

Dar es Salaam,
9 Januari 2001

Mwalimu Wenseslaus, shikamoo.

Ni Primus Tesha anayekuandikia, yule uliyemrudisha ubaoni mara nne kwa kuandika saba inayofanana na moja. Dada Mektrida ameniambia umestaafu na kwamba siku hizi unashinda kihambani ukisahihisha migomba. Nina kazi ya kukutoa huko.

Kampuni yetu ya simu za mkononi itajenga mnara Kilema. Mmoja tu, kwa hiyo lazima ukae mahali penyewe. Kwetu unakujua kulivyo: mgongo, bonde, mgongo, bonde, na migomba kila mahali. Mawimbi ya simu yakikutana na mgongo hukatika, yakikutana na majani mabichi hunywewa. Zamani fundi angechora duara kwenye ramani na mengine akamwachia Mungu. Mimi nimeunda programu ya kompyuta, aina inayoitwa mtandao wa neva. Jina lisikutishe, Mwalimu. Ni mwanafunzi tu. Hajui kanuni hata moja. Unamwonyesha mfano: nyumba hii iko mgongoni, migomba michache, kipimo sabini. Anakisia, anakosea, unamwambia amekosea kwa kiasi gani, anajirekebisha kidogo ndani yake na kurudia. Mara elfu nyingi, bila kuchoka na bila kulia kama nilivyolia mimi. Mwishoni unamtajia nyumba asiyoijua naye anakupa kipimo chake. Hapo ndipo ninapomwuliza mnara ukae wapi, uwe mrefu kiasi gani, antena zake zitazame upande gani.

Tatizo lake ni moja: anajua alichofundishwa, basi. Nataka umfundishe wewe, kwa kuwa unazijua nyumba zote na mwandiko wako hausomeki vibaya. Mafundi watasimika mlingoti wa majaribio kilimani, juu ya soko. Simu ya kupimia itakuja na basi la Ijumaa. Kila nyumba ingia ndani, kaa chumba wanacholala, ngoja dakika moja, andika namba unayoiona kwenye kioo. Themanini kushuka ni nzuri. Ikipita mia, simu haipigiki. Tafadhali usipime njiani. Mtu mwenye shida anakuwa ndani.

Nyumba mia mbili zitatosha.

Mwanafunzi wako,
Primus

*

Kilema,
11 Februari 2001

Mwanangu Primus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Marahaba. Saba yako bado inafanana na moja. Bahasha yako karibu iende sanduku la jirani.

Nakutumia daftari la kwanza, nyumba sitini na moja. Kazi hii ina vituko. Bibi Dominika alinifungulia mbwa akidhani napima ardhi ya serikali. Nilipomweleza kwamba napima kitu kisichoonekana, akamfungulia tena. Kwingine nimepokelewa vizuri, labda vizuri mno. Unajua mwenyewe: ukiingia kwa mtu na kukaa, kata ya mbege lazima ifike mkononi mwako, na pombe ya ndizi ya mwenyeji haikataliwi.

Nyumba sitini za kwanza ni za huku juu, mgongoni. Ya sitini na moja iko peke yake bondeni, kwa Sirili Mlay, chini kabisa karibu na kijito. Baba yake amefariki, tumekaa matanga siku tatu, nami kwa kuwa simu ilikuwa mfukoni nikapima. Sikuiamini namba. Nikarudia chumbani, sebuleni, jikoni, migombani, asubuhi na mchana, mara kumi na moja. Haikushuka chini ya mia na nne. Mara moja ilifika mia na kumi na moja. Zote nimeziandika kama zilivyo.

Wiki ijayo naanza kushuka bondeni rasmi.

Mimi mwalimu wako,
Wenseslaus Temba

*

Dar es Salaam,
24 Februari 2001

Mwalimu, shikamoo.

Daftari limefika. Safi kabisa! Mwanafunzi anasonga mbele. Kwa zile nyumba sitini anakosea kidogo sana, mpaka mkubwa wangu amekuja kusimama nyuma ya kiti changu kumwangalia.

Ila Mwalimu, hivi vipimo kumi na kimoja vya kwa Sirili ulivisoma baada ya kata ya ngapi? Nimecheka peke yangu hapa ofisini. Kila nikimpa mwanafunzi anachanganyikiwa, hata yale aliyokuwa ameyajua yanamharibikia. Nikiviondoa anatulia. Basi nimevifuta, nikamwambia mkubwa wangu kwamba hivyo ni vipimo vya msibani. Naye akacheka sana.

Kwa hiyo endelea hivyo hivyo, ila kata usiiguse mpaka daftari la pili lifungwe! Nakutania tu, mzee wangu.

Primus

*

Kilema,
20 Machi 2001

Ndugu Primus,

Pokea daftari la pili. Nyumba mia moja na arobaini, zote za bondeni, kwa siku kumi na sita. Namba utaona hazina fujo. Sijaonja mbege tangu barua yako.

Simu ya kupimia nimeikabidhi kwa dereva wa basi, imefungwa kwenye khanga.

W. Temba

*

Dar es Salaam,
18 Novemba 2001

Dada yangu Mektrida, shikamoo.

Nasikia mnara umewashwa na watu wanapigiana simu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine kuulizana wamekula nini. Mkubwa wangu ananiita profesa. Mnara mmoja, Dada, kwa vihamba vyote vile! Mwanafunzi wangu ndiye aliyechagua mahali. Antena zake nyingi tumezielekeza juu, kwa sababu alituhakikishia kwamba bondeni hakuna shida.

Simu hii ndogo ni yako. Nimeiombea kwa kampuni kwa jina la wakunga wa Kilema, lakini nilikuwa nakuwaza wewe. Namba ya gari la hospitali nimeshaiweka. Bonyeza kitufe cha mbili, ushikilie, kisha kitufe cha kijani. Basi.

Miaka yote hii ukipata mzazi aliyekwama umekuwa ukituma mtu apande mbio barabarani. Hiyo imekwisha. Ukiwa ndani ya nyumba yoyote, juu au bondeni, kaa na mgonjwa wako ubonyeze. Nimeiuliza kompyuta nyumba kwa nyumba. Itaita.

Ulinilea tangu mama alipofariki, na sijawahi kukuletea kitu cha maana. Hiki ni cha maana.

Mdogo wako,
Primus

*

Kilema,
28 Aprili 2002

Mdogo wangu Primus,

Simu sinayo tena, ndiyo maana nakuandikia. Amepewa Brenda, binti wa katekista, kwa kuwa yeye ni msomi.

Jumamosi ya tarehe ishirini niliitwa kwa Sirili, mkewe Violet anajifungua. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nilifika saa tisa mchana. Mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Nilijua palepale kwamba huyu si wangu, ni wa hospitali. Nikabonyeza mbili, nikashikilia, nikabonyeza cha kijani. Haikuita. Nikarudia. Nikaenda dirishani, nikaenda jikoni, nikasimama chini ya migomba nikiloa, nikarudi. Violet ananiuliza, shangazi, wanakuja? Namwambia wanakuja.

Saa kumi na nusu Sirili alininyang'anya ile simu, akaiangalia, akaitupa kitandani, akapanda mbio barabarani. Gari lilifika karibu na saa kumi na mbili.

Kabla ya gari nilichukua maji ya birika nikambatiza. Padri alitufundisha zamani kwamba ikibidi unaweza kumwagia kiungo chochote kilichotoka. Nikamwagia ule mkono. Ulikuwa bado unashika kidole changu, Primus. Jina sikujua nimpe la kike au la kiume.

Violet amepona. Mtoto alikuwa wa kike. Wamemzika nyuma ya nyumba, wakamwita Elizabeth.

Kamati ya afya ya kijiji ilipeleka malalamiko kwa kampuni yako. Wakaja vijana wawili na ramani ya rangi, wakaonyesha kwamba nyumba ya Sirili imo kwenye kijani, yaani simu inafika. Wakasema simu ni nzima, mnara ni mzima, mama hakubonyeza vizuri. Wanawake wawili niliokuwa nikiwahudumia wameshahamia kwa mkunga mwingine. Siwalaumu. Sijapokea Komunyo tangu siku ile. Naona kama ni mimi niliyemuua yule mtoto kwa ujinga wa vidole vyangu.

Wewe ndiye unayejua. Niambie kweli, nilibonyeza vibaya?

Dada yako,
Mektrida

*

Dar es Salaam,
9 Mei 2002

Dada mpendwa, shikamoo na pole sana.

Barua yako imenihuzunisha kupita kiasi. Nimechelewa kujibu kwa kuwa kazi ni nyingi.

Nimeiangalia ramani. Kwa Sirili inaonyesha themanini na mbili, ambayo ni nguvu ya kutosha. Sasa, kuna mambo mengi yanayoweza kutokea. Vidole vikiwa na maji, kitufe wakati mwingine hakishiki. Betri ikiwa chini, simu inadhoofika. Na mtu akiwa na hofu, anaweza akadhani amebonyeza kumbe hajabonyeza. Si kosa. Ni hali ya kibinadamu.

Nakuomba usijilaumu. Ulifanya uliloweza kwa ujuzi ulionao. Ukipenda, nitamwomba Brenda akufundishe taratibu.

Rudi kwenye Komunyo, Dada.

Primus

*

Kilema,
19 Mei 2002

Mwanangu Primus,

Nakuandikia jambo ambalo nimelikalia mwaka mzima na zaidi, na sasa limeoza.

Lile daftari la pili ni uongo. Nyumba mia moja na arobaini, na sikuingia hata moja.

Nikueleze kwa nini, ingawa sababu haifuti kosa. Utakumbuka mwaka nilipoondolewa ukuu wa shule. Ulikuwa darasa la sita. Watu walisema ni siasa, nami nikawaacha waseme. Haikuwa siasa. Nilikuwa nakunywa mpaka nalala ofisini. Marehemu mke wangu ndiye aliyenitoa huko, ikamchukua miaka mitatu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kata moja au mbili kwa adabu, kama mtu mwingine. Kwa Sirili siku zile za matanga nilikunywa mbili, si zaidi. Lakini uliponiandikia kwamba namba zangu ni za mlevi, na kwamba wewe na mkubwa wako mmenicheka, moyo wangu ulisema: wanajua. Nikajitilia shaka hata mimi. Labda kweli sikuona vizuri. Miwani ilikuwa inashika ukungu kule bondeni; labda haikuwa miwani, ni mimi.

Nikaapa kutokunywa. Sasa niambie wewe mtoto wa Kilema: utaingiaje kihambani kwa mtu, ukae chumbani kwake, uletewe kata kama mgeni, kisha uikatae? Ataona una kinyongo naye, au unadhani amekutilia kitu. Nyumba mia moja na arobaini ningegombana na bonde zima. Kwa hiyo nilisimama njiani, penye masale yaliyopandwa mpakani. Nikabisha hodi kwa mbali, nikawauliza hali, nikasoma namba, nikaandika "chumbani". Na vihamba vya bondeni unavijua: mlango wake uko juu njiani, nyumba iko chini kabisa, hatua mia na zaidi, na migomba juu yake yote.

Sikudhani kuna tofauti kubwa. Hilo nalo ni uongo. Sikutaka kufikiri.

Nimemwona Mektrida kanisani amekaa benchi la nyuma wakati wengine wanakwenda kupokea. Hajawahi kukaa benchi la nyuma maishani mwake. Nataka kusema. Nakungoja wewe kwanza, kwa kuwa kazi ni yako.

Wenseslaus

*

Dar es Salaam,
30 Mei 2002

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Naomba usimwambie mtu kwanza.

Nifikirie na mimi. Kampuni imeamua kuitumia programu hii kwa minara yote ya kaskazini. Agosti natumwa ng'ambo kuieleza mbele ya wataalamu. Ikijulikana kwamba vipimo vilikuwa na kasoro, kazi ya miaka mitatu inakwisha na Kilema haitapata hata mnara mmoja zaidi. Niache nirekebishe kimya kimya, hatua kwa hatua. Mtoto hatarudi kwa sisi kusema. Dada Mektrida ni mwanamke imara, watu watasahau.

Na usijione mkosaji peke yako. Ni mambo ya kitaalamu.

Primus

*

Kilema,
17 Juni 2002

Mdogo wangu,

Jana baada ya Misa, wakati wa matangazo, Mwalimu Wenseslaus alisimama. Tulidhani ni habari za ukarabati wa paa. Akaenda mbele, akashika ile meza ya matangazo kwa mikono miwili, akasema yeye ndiye aliyepima bonde kwa ajili ya mnara, na kwamba alipima akiwa amelewa. Amesema alidanganya namba zote. Amesema Mektrida Tesha alibonyeza sawasawa, na kwamba hata askofu angebonyeza mle ndani isingeita. Kisha akarudi kukaa.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine. Nje ya kanisa wanaume walikuwa wanamwigiza anavyotembea akiyumba. Vijana sasa wanamwita Kata Tatu. Sirili alimfuata mpaka nyumbani kwake akasimama uani akimtukana. Mzee alikaa tu kizingitini akisikiliza.

Mimi nitakuambia ukweli, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilimwona mzee yule anachekwa nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Wanawake walinizunguka wakinishika mikono. Mama yake Violet alilia begani kwangu.

Ila jana jioni, nikipika, nikawaza. Mimi nilikuwepo kwenye matanga yale ya kwa Sirili. Nilikaa karibu naye. Alikunywa kidogo sana, mpaka nikamtania kwamba kata yake inaota nyasi. Alikuwa anazunguka na ile simu yake, ananyoosha mkono juu, anaandika, anafuta miwani, anaandika tena. Mlevi hafuti miwani.

Kwa hiyo nakuuliza tena. Je, ni kweli ni namba za mlevi zilizomuua mtoto? Ukisema ndiyo nitaamini, na sitauliza tena.

Mektrida

*

Dar es Salaam,
24 Juni 2002

Dada Mektrida,

Hapana. Si kweli.

Nimekaa na barua yako siku mbili mezani. Mwalimu amenipa njia ya kutoka, na wewe umenifungulia mlango, na nilitamani kupita. Nakuambia hilo kwanza ili ujue unamsoma mtu wa namna gani.

Mwalimu alipima kwa Sirili mara kumi na moja, akiwa na akili zake zote, na akaandika ukweli: mle ndani simu haipigiki. Ni mimi niliyevifuta vipimo vile. Vilikuwa vinaikorofisha programu yangu. Bila hivyo ilionekana hodari, navyo ilionekana haijui kitu. Kumbe ilikuwa haijui kitu kweli, ilikuwa haijafundishwa bonde, na namba zile ndizo zilizokuwa zinaniambia hivyo. Nilitaka mkubwa wangu aendelee kusimama nyuma ya kiti changu. Nikamwandikia Mwalimu kwamba aliandika akiwa amelewa, nikaongeza na kicheko. Sikujua alikuwa na kidonda hapo. Lakini hata kama asingekuwa nacho, nilikuwa namwita mwongo mtu aliyenifundisha kuhesabu, kwa sababu tu hesabu yake haikunifaa.

Kwa aibu hiyo akaacha mbege, na kwa kuacha mbege akaacha kuingia kwa watu, akapimia mlangoni. Namba za mlangoni zikanipendeza. Sikuuliza mzee wa miaka sitini na saba amewezaje kuingia nyumba mia moja na arobaini kwa siku kumi na sita. Ningekuwa nimetaka kujua, ningejua.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Nilipoisoma barua yako ya Aprili, nilipofika kwenye jina la Sirili, nilikumbuka papo hapo. Sikuwa nimesahau vile vipimo hata siku moja. Nilijua ulibonyeza sawasawa kabla sijamaliza ukurasa. Nikachukua kalamu nikakuandikia habari za vidole vyenye maji na hofu. Nikakuambia Brenda akufundishe. Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kufunga vifungo vya shati.

Mwezi uliopita nilivirudisha vile vipimo kumi na kimoja kwenye programu, nikaziondoa namba za mlangoni. Safari hii sikuilazimisha ifanane na nilichotaka. Ikalipaka bonde lote rangi nyekundu, ikaomba mnara wa pili, mfupi, karibu na kijito. Ingeuomba mwaka jana kama ningeiacha ijifunze. Nilikaa nikiitazama ile rangi, kisha nikamwandikia Mwalimu anyamaze. Nilimwandikia kwamba mtoto hatarudi na kwamba wewe ni mwanamke imara. Barua hiyo anayo, mwombe akuonyeshe.

Jana nimemweleza mkubwa wangu yote. Hakusimama nyuma ya kiti. Safari ya Agosti haipo, na nimehamishiwa kwenye kuhesabu vifaa vya ghala. Mnara wa pili amesema utafikiriwa. Ile ramani ya kijani wameiondoa, hilo nimelihakikisha.

Ninakuomba barua hii isomwe kanisani, palepale alipochekewa Mwalimu, usiachwe hata mstari mmoja. Ninaona haya kuandika, na ninaona haya zaidi kwamba maneno haya ndiyo yote niliyonayo ya kuwapa. Usiku silali vizuri, lakini hilo si la kukuambia wewe.

Je, unaweza kunisamehe? Krismasi nije, au nisije?

Primus

*

Kilema,
15 Julai 2002

Primus,

Barua yako imesomwa kanisani Jumapili, kabla ya Misa. Katekista Fabian alitaka kuruka kile kipande cha vifungo vya shati akisema ni mambo ya nyumbani. Nikamwambia soma.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, kofia magotini. Ilipokwisha, Sirili alitoka upande wa wanaume akaenda kukaa karibu naye mpaka Misa ikaisha. Wale vijana wa Kata Tatu wamepungua, hawajaisha. Jina likishamshika mtu hapa kwetu unajua. Hilo nalo ni lako.

Nilipokea Komunyo Jumapili ileile. Simu nimerudishiwa. Nikiitwa bondeni sasa natuma mtu apande barabarani kwanza, ndipo nabonyeza.

Unauliza kama nakusamehe. Bado. Nikikusamehe nitakuandikia, usiniulize tena.

Na usidhani ni kwa ajili ya ule mnara. Minara sijui. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mkunga, na kila nilipouona mkono umetangulia nilituma mtu akimbie kabla hata sijanawa. Siku ile nilikaa saa moja na nusu ndani ya nyumba ile, nabonyeza, kwa sababu wewe ulisema itaita. Nilikuamini kuliko macho yangu. Simu haikuita mara ya kwanza, haikuita mara ya kumi, na bado nilisema, Primus hawezi kukosea. Katika barua yako umejitwisha yote, mpaka la Mwalimu. Hili usilichukue. Ile saa moja na nusu ni yangu, na naiungama mwenyewe.

Krismasi njoo. Usianzie nyumbani. Shuka moja kwa moja kwa Violet, na uende peke yako, nisikusindikize. Nilikwenda kumwambia kwamba utakuja. Nilimwuliza kama atakufukuza. Akaendelea kusonga ugali wa watu wake, kisha akasema hapana, atakupikia.

Mimi ningekufukuza.

Dada yako,
Mektrida